Vib-Ribbon, LSD au Katamari: mchezo upi wa ajabu wa kuufufua Lubumbashi?

Mtu akipata PlayStation ya zamani hapa Lubumbashi, iwe ameachiwa na kaka yake au ameinunua okazyo, yaani iliyokwisha kutumika, kwa fundi wa Katuba, kitu cha kwanza anachotafuta ni mpira. Cha pili ni ngumi. Makala hii ni ya yule anayeuliza cha tatu: ndani ya mashine hii kulikuwa na nini kingine ambacho utotoni hatukuonyeshwa?

Naweka mitatu ubavu kwa ubavu, yote ya Kijapani. LSD: Dream Emulator ilitoka Oktoba 1998 kwa PlayStation ya kwanza. Vib-Ribbon ikafuata Desemba 1999 kwa mashine hiyohiyo. Katamari Damacy ni ya PlayStation 2, Machi 2004. Hakuna unaofanana na mwenzake, na ndiyo maana kuchagua ni kazi. Huwezi kuuliza upi una picha nzuri zaidi wakati mmoja wao karibu hauna picha, una mistari myeupe gizani. Maswali yanayofaa ni haya: nani atakaa kando yako, umeme utadumu mpaka saa ngapi, na unataka ukizima mashine ubaki na nini kichwani.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua naegemea wapi. Kwa wengi wenu ningesema Vib-Ribbon, na sababu ni muziki wetu. Katamari ndio mchezo mzuri zaidi kati ya mitatu, lakini ndio uliobaki na ajabu ndogo zaidi. LSD siishauri kwa kila mtu, ingawa kwa watu fulani nitawaambia waanze nayo na waachane na hiyo mingine.

Sungura juu ya mstari

Vib-Ribbon ilitengenezwa na NanaOn-Sha, kampuni ya Masaya Matsuura, mwanamuziki aliyekuwa ameshatoa PaRappa the Rapper mwaka 1996. Skrini ni nyeusi. Mstari mweupe unapita katikati, na juu yake anatembea sungura anayeitwa Vibri, naye amechorwa kwa mistari mitupu. Wimbo ukianza, ule mstari unajipinda na kutoa vikwazo vya aina nne: boksi, shimo, kitanzi na wimbi. Kila kimoja na kibonye chake: L1 kwa boksi, mshale wa chini kwa shimo, R1 kwa kitanzi, X kwa wimbi. Maelezo yameisha. Mtoto wa shule ya msingi anayashika kabla hujamaliza kuyasema.

Ugumu unaingia pale vikwazo vinapooana. Shimo linaingia ndani ya kitanzi, boksi linaota mawimbi, na sasa lazima ubonyeze vibonye viwili kwa pigo moja. Ukikosea, mistari ya Vibri inaanza kutetemeka na kuchanganyikana. Ukiendelea kukosea anageuka chura, kisha mnyoo, na mnyoo akishindwa mchezo umekwisha. Ukipita vikwazo vingi mfululizo bila kosa, anapandishwa cheo, anaota mabawa na kuvaa taji. Uhai wako huusomi kwenye mstari wa rangi pembeni ya skrini, unausoma kwenye mwili wa mnyama. Watu wanaotazama kutoka nyuma wanaelewa mara moja kama unashinda au unazama, na hilo lina uzito mkubwa kuliko unavyofikiri. Nitalirudia.

Wazo lenyewe lilizaliwa kama mradi wa kutangaza gari, Mercedes-Benz A-Class. Mwendeshaji yeyote wa Lubumbashi aliyepita barabara za pembeni mwezi wa kwanza, mvua ikiwa imekwisha kuzichimba, atatambua vile vikwazo vyote vinne.

Ndani ya CD kuna nyimbo sita za kundi la Laugh and Peace. Zinachekesha, zinaingia masikioni, na zinaisha upesi. Kama mchezo ungeishia hapo ningekuambia uucheze Jumamosi moja, uuweke kando.

CD yako mwenyewe

Hauishii hapo. Kumbukumbu kuu ya PlayStation ya kwanza ni megabaiti 2 tu. Michezo mingi ya mashine hiyo ilikuwa inarudi kwenye CD kila mara kuchota kipande kingine, na ndiyo ile sauti ya kukwaruza tuliyoizoea. Vib-Ribbon ni mistari mitupu, kwa hiyo mchezo mzima unaenea ndani ya kumbukumbu hiyo ndogo. Ukishapanda, mashine haiihitaji CD tena. Unafungua kifuniko, unaitoa, unaweka CD yoyote ya muziki, na mchezo unausikiliza wimbo wako na kukutengenezea barabara yake. Yale tunayoyaona kama umaskini wa picha ndiyo yaliyonunua uhuru huu.

Sasa fikiria hilo katika mji huu, ambapo hakuna nyumba isiyo na kasha la CD za zamani juu ya kabati.

Lakini tahadhari, kwa sababu hapa ndipo wengi watakwama na kudhani mchezo umeharibika. CD nyingi zilizouzwa barabarani kwetu ni za MP3, zile zenye nyimbo mia na zaidi na picha za wanamuziki wanane kwenye karatasi moja. PlayStation ya kwanza haijui MP3 ni nini. Inataka CD ya sauti ya kawaida, ile inayobeba dakika 74 au 80 tu. Kwa hiyo ama utafute CD halisi ya albamu, ama umpe kijana mwenye kompyuta akuchomee nyimbo kumi hivi, na umwambie waziwazi: CD ya sauti, si ya data. Akichoma kwa mwendo wa polepole, ni bora zaidi, maana lenzi za mashine hizi zimezeeka na CD za kuchoma huzichosha.

Ukishavuka hapo, raha inaanza. Rumba yetu imejengwa sehemu mbili, kila mtu anajua: mwimbaji anaanza kwa upole, analalamika mapenzi, magitaa yanamsindikiza, halafu sebene inaingia na hakuna anayebaki ameketi. Kwenye Vib-Ribbon unayaona hayo kwa macho. Dakika za mwanzo Vibri anatembea kwa madaha, boksi hapa, shimo pale, unapata hata nafasi ya kuongea na jirani. Sebene ikifika, vikwazo vinaongezeka na kuanza kushikana, na yule aliyekuwa anacheza huku amejiegemeza anakaa wima. Wimbo wa kwaya ya parokia usio na ngoma unakupa matembezi ya Jumapili. Karindula yenye banjo kali inaweza kukugeuza mnyoo mapema.

Nisikudanganye kuhusu akili ya mchezo huu. Hausikii mdundo kama mpiga ngoma anavyousikia. Unafuata kupanda na kushuka kwa sauti, na mara nyingi kikwazo kinakuja nusu hatua kando ya pigo. Zile nyimbo sita za ndani zimepangwa vizuri kuliko chochote utakachoweka mwenyewe. Tena rumba ni ndefu. Dakika nane au kumi bila kupumzika ni mtihani ambao mtengenezaji pengine hakuufikiria, na ukianguka dakika ya tisa unaweza kurusha maneti, kile kidhibiti cha mkononi. Kwangu hiyo ni sehemu ya utamu. Wewe ukiona ni upuuzi, sitabisha sana.

Niliwahi kuuweka katika sale (ukumbi) moja ya michezo Kamalondo, mchana wa siku ya kazi, saa ambayo vijana wa mpira walikuwa bado hawajajaa. Mtoto mmoja alitazama ule mstari mweupe, akanigeukia: "Yaya, goli iko wapi?" Nikamwambia hakuna goli, kuna wimbo tu. Akanitazama kwa huruma. Wimbo ukapigwa, Vibri akawa chura, watu wakacheka, na muda si mrefu yule mtoto ndiye aliyekuwa anapanga foleni ya nani afuate. Mshindi hakuhitaji kutangazwa, kila mtu alikuwa anaona mabawa. Mashine moja, maneti moja, watu kumi: hiyo ndiyo hali halisi ya sale zetu, na Vib-Ribbon inaibeba vizuri ingawa ni mchezo wa mtu mmoja.

Ndoto za mtu mwingine

LSD siku hiyo ilidumu dakika chache mno kabla ya sauti kupazwa nyuma yangu irudishwe ile nyingine. Siwalaumu. Mchezo huu haukutengenezwa kwa ajili ya foleni.

Aliyeuongoza ni Osamu Sato, msanii wa picha na muziki. Msingi wake ni daftari la ndoto: Hiroko Nishikawa, mfanyakazi wa Asmik Ace, kampuni iliyouchapisha, alikuwa ameandika ndoto zake kwa takriban miaka kumi, na ndoto hizo zikageuzwa kuwa mahali pa kutembea. Hakuna adui, hakuna pointi, hakuna mlango wa mwisho. Unatembea, na mwendo wake ni wa polepole. Ukigusa ukuta, mti, mtu au mnyama, unatupwa papo hapo mahali pengine: kutoka mtaa wa nyumba za Kijapani unajikuta kwenye nyika, kutoka nyika unaingia njia za chini zenye kuta kama nyama mbichi. Ndoto moja haizidi dakika kumi hivi. Ukitumbukia kwenye shimo, umeamka.

Kila ndoto inahesabiwa kuwa siku moja, mpaka siku ya 365. Kadiri siku zinavyokwenda, mahali palepale panabadilika rangi na michoro ya kuta, na nyumba uliyoizoea inakurudia ikiwa imevaa sura nyingine. Kuna pia mtu wa kijivu mwenye kofia na koti. Akikufikia, skrini inawaka ghafla, naye anatoweka, akikupokonya uwezo wa kurudia kumbukumbu za ndoto ulizoota. Hafanyi zaidi ya hapo. Inatosha.

Kinachonifanya niurudie mchezo huu ni jambo ambalo msomaji wa Lubumbashi atalihisi haraka kuliko wengi. Kwetu ndoto haiachwi hivihivi. Ukiota maji machafu au jino limetoka, asubuhi unamweleza mama, au shangazi, au mtumishi wa Mungu kwenye chumba cha maombi, na kila mmoja atakupa maana, wakati mwingine pamoja na siku za kufunga. LSD haikupi maana yoyote. Ukiamka unaonyeshwa mchoro wa mistari miwili inayokatana, na nukta moja juu yake inayoonyesha kama ndoto ilikuwa ya juu au ya chini, tulivu au ya vurugu. Basi, lala tena. Kwa mtu aliyekulia katika nyumba ambamo kila ndoto ina mfasiri, ukimya huo unatisha kuliko yule mtu wa kijivu.

Je, ni mchezo mzuri? Kwa saa ya kwanza, ndiyo, hakuna unaoukaribia. Baada ya hapo unaanza kuzijua kona zake, na kutembea polepole kunakuwa kutembea polepole tu. Nadhani umekusudiwa uliwe kidogokidogo, ndoto mbili kabla ya kulala, kisha uache. Anayekaa nao mchana kutwa ataupa jina baya bila kosa la mchezo. Na kama unaishi na wazazi, jina lililoandikwa kwenye kasha ni la dawa ya kulevya. Jiandae kulieleza, au usiache kasha mezani.

Katamari, na furaha isiyohitaji maelezo

Hapa nitakuwa mfupi, si kwa sababu mchezo ni dhaifu bali kwa sababu unajieleza wenyewe. Mfalme wa ulimwengu mzima amevunja nyota zote za angani. Anamtuma mwanawe, mwenye urefu wa sentimita tano, ashuke duniani na tufe linalonata, alivingirishe juu ya vitu mpaka liwe kubwa kiasi cha kugeuzwa nyota. Unaanza na pini na vifungo vya nguo. Baadaye ni machungwa, paka, baiskeli, ng'ombe. Mwisho ni majengo na visiwa, na watu wanaopiga kelele wakiwa wamenasa. Mtoto wa kwetu aliyewahi kufunga mpira kwa mifuko ya plastiki na kamba, akauona unanenepa mkononi, ameshaelewa Katamari nusu.

Keita Takahashi, aliyeubuni, alisomea uchongaji, na inaonekana: vitu vyote vina umbo sahili, rangi safi, na kila kimoja kina uzito wake. Ukibeba penseli ndefu upande mmoja, tufe linaanza kudundadunda. Namco waliuuza Marekani kwa dola 20, chini ya nusu ya bei ya kawaida ya mchezo wa PS2 wakati huo, na ukapata wapenzi ambao hadi leo hawajaisha.

Udhaifu wake ni nini basi? Mfalme anaongea sana. Kamera inakwama tufe likiingia pembeni. Na zaidi ya yote, miaka ishirini baadaye hautushangazi tena kama zamani, kwa sababu wazo lake limeshaingia katika michezo mingi midogo ya simu ambamo unameza vitu na kukua. Vib-Ribbon na LSD hazijapata waigaji wengi hivyo, kwa hiyo ajabu yao bado ni mbichi. Jumba la makumbusho la MoMA la New York lilipotangaza michezo yake 14 ya kwanza mwaka 2012, Katamari Damacy na Vib-Ribbon zote mbili zilikuwemo. LSD haikuwemo, jambo ambalo Sato mwenyewe pengine lisingemsumbua.

Mashine, televizyo na umeme

Maneno mazuri hayachezi mchezo. Tuje kwenye vyuma.

Mashine nyingi zinazotufikia zilipitia Ulaya, Dubai au Afrika Kusini, na zote hizo zilikuwa za PAL, mfumo wa picha wa televizyo za huko. Mashine ya PAL isiyofunguliwa na fundi inakataa CD ya Japani. Hapo Vib-Ribbon ina nafasi nzuri, kwani iliuzwa Ulaya tangu mwaka 2000, na ukiwa na ndugu Ubelgiji anayezunguka masoko ya vitu vya zamani kuna matumaini. CD ya LSD haikuwahi kuuzwa nje ya Japani, na wakusanyaji wanauziana nakala halisi kwa mamia ya dola. Isahau, labda mashine yako iwe imewekewa chipu ya kukubali CD za nje. Katamari Damacy ya kwanza nayo haikuuzwa Ulaya. Kilichofika huko ni ya pili, We Love Katamari, nayo si ya kukataa ukiiona. Kuna njia nyepesi zaidi kwa aliye na kompyuta: Katamari Damacy Reroll, toleo lililosafishwa, lilitoka kwa Switch na kompyuta mwaka 2018, kisha kwa PS4 na Xbox mwaka 2020.

Televizyo ina neno lake pia. Kwa Vib-Ribbon, televizyo nene ya zamani inaishinda ile bapa mpya. Nyingi za bapa huchelewesha picha kidogo kabla ya kuionyesha, na kwenye mchezo wa muziki kidogo hicho ndicho kinachomgeuza sungura chura. Kama huna ila bapa, ingia kwenye mipangilio utafute hali ya michezo. Vipokea sauti visivyo na waya viweke kabisa kando. LSD haijali hata kimoja kati ya hayo, na picha zake zenye ukungu zinapendeza zaidi kwenye kioo cha zamani. Katamari inacheza popote, ila inaiomba maneti yako kitu ambacho okazyo nyingi hazina: vijiti viwili vyema. Unaliongoza tufe kwa kusukuma vyote viwili mbele, na kugeuka ni kusukuma kimoja mbele na kingine nyuma. Maneti za sale zimepigwa mpira miaka kumi, na kijiti cha kushoto karibu kila mara kinalegea. Ijaribu kabla ya kununua: ukikiachia, kirudi katikati chenyewe. Kisiporudi, tufe lako litakwenda litakako.

Kuhusu umeme, kila mtu anajua delestaji, ule mgao wa umeme, ya mtaa wake. Vib-Ribbon haikuumizi sana, maana unachopoteza ni wimbo mmoja. LSD inafuata: ndoto ni fupi, na ukiwa na kadi ya kumbukumbu unahifadhi siku zako baada ya kila moja. Katamari ndiyo yenye hasara. Zile ngazi za mwisho ni ndefu, unakusanya kutoka vitu vya mezani mpaka nyumba nzima, na umeme ukikatika tufe likiwa linakaribia ukubwa ulioombwa, unaanza tena na pini. Mwenye jenereta au betri ya sola asijali. Wengine wacheze Katamari saa ambazo mtaa wao huwa na umeme wa kuaminika, kama zipo.

Mtu ataniuliza kuhusu Seaman ya Dreamcast, yule samaki mwenye uso wa mtu unayeongea naye kwa maikrofoni. Ni ajabu kuliko hii yote, lakini alifundishwa Kijapani na Kiingereza tu. Ukimwamkia "jambo" atabaki kukutolea macho.

Nani achukue upi

Mwenye sale ya michezo, chukua Vib-Ribbon bila kusita. Weka CD ya albamu ambayo mtaa mzima unaijua, acha mteja achague wimbo, na umtoze kwa wimbo kama unavyotoza kwa mechi. Mpira hautaondoka, na wala usiuondoe, lakini saa za mchana zilizolala zitaamka.

Familia yenye watoto wa rika tofauti, Katamari. Ina sehemu ya wawili kushindana kwenye skrini moja, haina damu, na bibi anaweza kuitazama bila kuuliza kwa nini hao wanauana. Ukiweza kuipata Reroll kwenye kompyuta yenye maneti nzuri, acha kabisa kuhangaika na CD.

Mwanamuziki, au mtu anayepiga gitaa kanisani, namrudisha kwenye Vib-Ribbon kwa sababu nyingine: chomesha CD ya rekodi zako mwenyewe, uone barabara unayowapa wengine waipite. Toleo la kidijitali lilitoka PlayStation Store mwaka 2014, na hata Marekani ilikuwa mara ya kwanza kuupata. Lakini ukiliweka kwenye Vita, mashine ya mkononi, huna mahali pa kuingiza CD ya muziki, unabaki na zile nyimbo sita. Kwa wewe, hiyo ni kununua banjo isiyo na nyuzi.

Anayelala peke yake, anayependa vitu visivyojibu, anayeandika au kuchora: LSD, usiku, taa zimezimwa. Usimwite rafiki.

Na kama huna mashine yoyote, una simu tu, mpangilio wangu unapinduka. Simu ya kawaida leo inaweza kuiga PlayStation ya kwanza kwa kutumia emuleta, lakini vibonye vya kioo havina makali, kidole hakijui kimegusa R1 au hewa, na Vib-Ribbon inakuwa adhabu. LSD haikuharakishi, haikupimi kwa nusu sekunde, na ukigusa ukuta usioukusudia mchezo unakuona umefanya vizuri. Tumia vipokea sauti vya waya, na uhifadhi siku yako kabla betri haijashuka chini ya asilimia kumi.